Hitomi: setilaiti iliyozunguka huku ikiamini imetulia

Asubuhi ya Machi 26, 2016, setilaiti ya Japani iitwayo Hitomi ilikatika vipande ikiwa angani, kilomita 575 hivi juu ya uso wa dunia. Haikugongwa na kitu wala haikulipuka. Ilijizungusha yenyewe, kwa amri za kompyuta yake yenyewe, mpaka paneli zake za sola zikang'oka. Ilikuwa na siku 38 tu tangu irushwe kutoka Tanegashima, Februari 17.

Hitomi kwa Kijapani ni mboni ya jicho. Ilikuwa darubini ya eksirei yenye uzito wa tani 2.7 na urefu wa mita 14 ikishakunjuliwa, kazi ya JAXA, shirika la anga za juu la Japani, pamoja na NASA na washirika wengine. Moyo wake ulikuwa kihisio kilichopozwa hadi nyuzi 0.05 tu juu ya sifuri halisi, ili nishati ya kila chembe ya eksirei ipimwe kwa joto dogo mno inaloliacha. Upande wa Japani peke yake uligharimu yeni bilioni 31 hivi.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu hakuna kifaa kilichokufa. Jairo, vipimo vya kasi ya kugeuka, zilipima. Magurudumu yalizunguka kama yalivyoamriwa. Thrasta, vijinjini vya kusukuma chombo, ziliwaka zilipoambiwa ziwake. Kamera ya nyota ndiyo iliyoyumba kidogo, na hata hiyo ilirudi kazini. Kilichovunjika ni mpango wa nani aaminiwe na nani amkosoe nani.

Saa zote hapa chini ni za Japani, zikihesabiwa kwa Kiswahili. Nairobi na Dar es Salaam ziko nyuma kwa saa 6.

Setilaiti inajuaje inatazama wapi

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mzingo ni njia ambayo setilaiti inapita kuizunguka dunia. Mkao ni upande ambao mwili wake umeelekea ikiwa njiani. Mzingo ukishapatikana, hujiendesha wenyewe: Hitomi ilizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi bila kusukumwa na mtu. Mkao hauna huruma hiyo. Angani hakuna msuguano wa kuzuia mzunguko, kwa hiyo msukumo mdogo kabisa ukiachwa unaendelea kugeuza mwili huo saa baada ya saa. Lazima kompyuta ipime na kusahihisha muda wote.

Kupima kunafanywa na vifaa vya aina tatu, na kila kimoja kina udhaifu wake.

Jairo hupima kasi ya kugeuka, si upande. Ukitaka upande, unajumlisha kasi hiyo sekunde kwa sekunde tangu mara ya mwisho ulipojua ulipo. Tatizo ni kwamba jairo yoyote ina mpotoko: hata ikitulia kabisa inasoma namba ndogo ambayo si sifuri, na namba hiyo hubadilika taratibu kwa joto na umri. Ukijumlisha kosa dogo kwa saa nyingi, unapata kosa kubwa.

Kamera ya nyota hupiga picha ya anga, hulinganisha mpangilio wa nyota na orodha iliyomo kwenye kumbukumbu yake, na kutoa mkao kamili kwa usahihi wa sehemu ndogo mno ya nyuzi. Inafanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza inatafuta, yaani inajaribu kutambua ni nyota zipi hizi. Kisha inafuata, yaani inazikamata nyota hizo na kutoa vipimo mfululizo. Dunia ikiziba mbele yake haioni kitu, na ikifunguka inabidi ianze kutafuta upya.

Kihisio cha jua ndicho duni kuliko vyote. Kinajua jua liko upande gani, basi. Lakini hakikosei kirahisi, na swali linalojibiwa nacho ndilo la uhai: paneli zinapata mwanga au hazipati?

Kwa upande wa kusukuma, Hitomi ilikuwa na magurudumu manne ya mwitikio. Keti kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, shika tairi la baiskeli kwa ekseli yake likiwa limelala, kisha lizungushe kulia: kiti kitageuka kushoto. Magurudumu yanafanya hivyohivyo, bila kutumia mafuta yoyote. Ila yana kikomo: gurudumu likishafika kasi yake ya juu halina tena cha kutoa. Ndiyo maana kuna koili za sumaku, ambazo zinasukumana na usumaku wa dunia ili kuyapunguzia magurudumu mzigo kidogokidogo. Mwisho wa mstari ni thrasta, vijinjini vinavyochoma mafuta ya haidrazini. Hizo zina nguvu, ni za haraka, na hazina adabu. Zimewekwa kwa ajili ya siku mbaya.

Hitomi ilikuwa na babu mwenye jina la Kiswahili, na hapa ni vizuri kumkumbuka. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya Kenya. Mkao wake ulikuwa rahisi wa makusudi: ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na darubini zake zikafagia anga kadiri mwili ulivyogeuka. Hitomi haikuruhusiwa kufagia. Ilipaswa kukazia macho kitu kimoja kwa saa nyingi bila kutikisika, na uzuri huo una gharama yake.

Usiku wa tukio

Saa 9:01 usiku Hitomi ilianza kugeuka kutoka Nebula ya Kaa kwenda galaksi iitwayo Markarian 205. Ni kazi ya dakika 21, iliyopangwa mapema na kupakiwa kwenye kompyuta. Kugeuka kulikwisha salama. Wakati huo dunia ilikuwa imeziba kamera ya nyota, jambo la kawaida kwenye mzingo wa chini, kwa hiyo setilaiti ilikuwa ikitegemea jairo peke yake.

Mnamo saa 10:09 alfajiri kamera iliona nyota tena, ikazitambua, ikaanza kufuata. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilizaliwa ndani ya dakika hizi chache.

Programu inayounganisha jairo na kamera inaitwa kichujio cha Kalman. Ili kuielewa huhitaji hesabu. Unahitaji saa ya ukutani na redio. Saa yako inakimbia au inachelewa, hujui kwa kiasi gani. Kila redio inapotangaza saa kamili unalinganisha. Tofauti ukiigawa kwa muda uliopita, unapata saa yako inapotoka kwa kiasi gani kwa siku, na kuanzia hapo unaisoma ukiwa umeshaondoa kosa hilo kichwani. Kamera ni redio, jairo ni saa ya ukutani, na mpotoko wa jairo ndio huo ukimbiaji wake.

Kichujio kina tabia moja ya busara ambayo siku hiyo iligeuka sumu. Kikikaa muda mrefu bila kusikia redio, kinapoisikia tena kinaipa uzito mkubwa sana, kwa sababu hakijiamini tena. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kamera hukirusha kwa nguvu: kadirio la mpotoko linapanda ghafla, kisha vipimo vinavyofuata vinalirudisha chini mpaka litulie mahali pa kweli. Huo mruko ni wa kawaida kabisa, ilimradi vipimo viendelee kuja.

Havikuendelea. Kamera ilifuata nyota kwa muda mfupi, ikazipoteza, ikarudi kutafuta. Kadirio la mpotoko lilikuwa bado liko juu ya mruko wake, na kwa kuwa hakuna kipimo kipya kilichofika, likagandishwa hapo hapo: nyuzi 21.7 kwa saa, kuzunguka mhimili mrefu wa setilaiti. Mpotoko wa kweli haukuwa na ukubwa wowote wa kukaribia huo.

Fuata sasa hesabu ya kompyuta. Setilaiti imetulia, jairo inasoma karibu sifuri. Kompyuta inatoa ule "mpotoko" wa 21.7 na kupata hasi 21.7. Inahitimisha kwamba mwili unageuka, tena kwa upande usiotakiwa, na inaamuru magurudumu yauzuie. Magurudumu yanatii. Mwili uliokuwa umetulia unaanza kugeuka kweli, mpaka jairo isome 21.7, ukitoa 21.7 inabaki sifuri. Kompyuta inaridhika. Kuanzia saa 10:10 alfajiri Hitomi ilikuwa inazunguka, na kwenye hesabu zake ilikuwa imetulia tuli.

Kasi yenyewe ni ndogo. Mshale mfupi wa saa unakwenda nyuzi 30 kwa saa, kwa hiyo Hitomi ilikuwa inageuka polepole kuliko mshale huo. Uhuru ilijizungusha kwa makusudi mara 80 na zaidi ya kasi hiyo. Hakuna chombo ambacho kingevunjwa na mwendo wa namna hii. Ubaya wake ni kwamba haukuwa na mtu wa kuusema.

Mashahidi wawili walionyamazishwa

Kamera ya nyota ilirudi tena kazini. Hilo lingetosha kumaliza tatizo ndani ya sekunde chache, lakini kulikuwa na kizingiti: kipimo cha kamera kikitofautiana na kadirio la kompyuta kwa zaidi ya nyuzi 1, kinatupwa. Kwa kasi ya 21.7 kwa saa, nyuzi moja inapita ndani ya dakika 2 na sekunde 46. Kamera ilipokuwa tayari kusema, tofauti ilikuwa imeshavuka mpaka. Na kwa kuwa mwili uliendelea kugeuka, kila dakika iliyopita iliifanya kamera ionekane mwongo zaidi.

Kurudi kwenye redio: ni sawa na kujiwekea sheria kwamba redio ikitofautiana na saa ya ukutani kwa zaidi ya dakika 5, iliyokosea ni redio.

Kizingiti chenyewe si upuuzi. Kamera za nyota huvurugwa na chembe za mionzi, hasa chombo kinapopita juu ya Atlantiki ya Kusini, na mara mojamoja hutambua kundi la nyota lisilo sahihi na kutoa mkao wa ajabu. Ukiamini kila kipimo, siku moja utageuza darubini kuelekea jua. Kosa kwa maoni yetu ni kwamba kizingiti hakikuwa na saa. Kukataa kipimo kimoja, hata vipimo ishirini, ni tahadhari. Kukataa kila kipimo kwa saa nzima, huku kamera ikisisitiza jambo lilelile kwa utaratibu uleule, ni habari, na kompyuta ilipaswa kuichukulia kama habari: ipige kengele, isimamishe kazi, imwite shahidi wa tatu.

Shahidi wa tatu alikuwepo. Vihisio vya jua vilikuwa vimefungwa kwenye mwili. Lakini eneo vinaloliona lilikuwa finyu, na wabunifu waliona vingeweza kutoa kengele za uongo, wakaamua visitumike kutambua hitilafu ya mkao. Badala yake, kompyuta ilipotaka kujua kama jua liko mahali pake, ilikokotoa pembe ya jua kutokana na mkao wake wa kukadiria. Mkao huo ndio uliokuwa mbovu. Kesi ya nyani, hakimu ngedere: kila ilipojiuliza kama jua liko sawa, ilijijibu kwamba liko sawa.

Wakati huohuo jua la kweli lilikuwa likiondoka usoni mwa paneli. Paneli za Hitomi zilikuwa zimefungwa bila uwezo wa kulifuata jua, na mzunguko ulikuwa kwenye mhimili uleule unaozitoa juani. Kwa hesabu ya haraka, ukianza na paneli zikiwa zimelikabili jua moja kwa moja, baada ya saa 2 umeme unashuka hadi asilimia 73 hivi, baada ya saa 3 hadi asilimia 42, na kabla ya saa 4 na robo paneli zinabaki zimesimama upande, hazipati kitu. Data zilizopokelewa baadaye asubuhi hiyo zilionyesha hilohilo: umeme umepungua, na joto la baadhi ya sehemu limekwenda kusikotarajiwa.

Magurudumu yanajaa

Ungedhani basi kwamba mwisho wa Hitomi ungekuwa kuishiwa umeme. Betri zikilegea, chombo kingezima baadhi ya vifaa na kuomba msaada, na pengine kingeokolewa. Kilichowahi ni kitu kingine.

Setilaiti ndefu ina tabia ya kuvutwa isimame wima kuelekea dunia, kwa kuwa ncha iliyo karibu na dunia inavutwa kwa nguvu kuliko iliyo mbali. Mvuto huo ni mdogo lakini haupumziki. Chukua, kwa mfano tu, chombo ambacho tofauti ya inesha (ukaidi wa mwili dhidi ya kugeuzwa) kati ya mihimili yake ni kilo-mita-mraba 10,000: kwenye mzingo wa urefu huo, nguvu ya kukizungusha inaweza kufika newtoni-mita 0.018. Hiyo ni chini ya nguvu ya kidole kufungua kizibo cha chupa. Lakini ikisukuma upande mmoja kwa saa nzima, magurudumu yanakuwa yamebeba newtoni-mita-sekunde 64.

Mkao ukiwa sahihi, mizigo hii hupangwa ili ijifute yenyewe katika mzunguko, na koili za sumaku humalizia kilichobaki. Mkao ulipoharibika, mpango huo ulivurugika na upunguzaji mzigo kwa koili haukufanya kazi yake ipasavyo. Momenta ya magurudumu, yaani mzigo huo wa mzunguko yaliokuwa yameubeba, ikapanda. Data za mwisho zilizopokelewa, mnamo saa 4 asubuhi, zilionyesha newtoni-mita-sekunde 112. Kikomo kilikuwa 120.

Kilipofikiwa, kompyuta ilifanya jambo sahihi: iliacha magurudumu, ikaingia hali ya usalama ya kutumia thrasta. Hali hiyo imetengenezwa kwa ajili ya wakati kama huu hasa. Kazi yake ni mbili: zuia mzunguko, tafuta jua.

Namba za Februari 28

Tarehe hiyo Hitomi ilikuwa imerefusha mkono wake wa mita 6, ulioshika vihisio vya eksirei kali mbali na vioo vyake. Mkono ukirefuka, kitovu cha uzito kinahama na inesha inabadilika. Kwa hiyo vigezo vya thrasta vilipaswa kubadilishwa; hakuna aliyevichezea bila sababu. Vigezo hivyo ni jedwali linaloiambia kompyuta: ukitaka kuusukuma mwili kwenye mhimili huu kwa upande huu, washa thrasta ile na ile kwa muda huu. Jedwali la kabla ya mkono kurefuka lisingefaa tena.

Namba mpya zilikokotolewa, kisha zikapitia hatua ya kubadilishwa kwa mkono ili ziwe katika umbo ambalo kompyuta ya angani inalisoma. Katika hatua hiyo zikaingizwa vibaya. Zilipaswa kujaribiwa kwenye simulesheni, yaani programu inayoiga mwenendo wa chombo, kabla ya kupakiwa, na ukaguzi huo haukufanyika inavyostahili. Zikapakiwa. Zikakaa ndani ya kumbukumbu siku 27 bila kumdhuru mtu, kwa kuwa magurudumu ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi yote. Hii ndiyo hatari ya kila kitu cha akiba: kosa lake halionekani mpaka siku ya kukihitaji, na siku hiyo huna kingine.

Tofauti kati ya kigezo kisicho sahihi sana na kigezo kinachosukuma upande usio wake ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukikosea ukubwa, thrasta zinasukuma mno au hazisukumi vya kutosha. Mwili utayumba, utachelewa kutulia, utapoteza mafuta, lakini mwisho utatulia. Ukisukuma kinyume, kila sahihisho linaongeza kosa. Mwili unageuka kulia, kompyuta inaagiza kushoto, thrasta zinasukuma kulia. Kompyuta inaona kasi imeongezeka, inaagiza kwa nguvu zaidi. Ni kama dereva anayekanyaga mafuta akidhani ni breki: kadiri anavyoogopa ndivyo anavyokanyaga. Hakuna kikomo ndani ya mzunguko huo isipokuwa mafuta kuisha au chuma kukatika.

Chuma kilitangulia. Waliotazama mabaki kwa darubini baadaye walipima mzunguko mmoja wa mwili mkuu kwa takriban sekunde 5. Kwa kasi hiyo, kitu kilicho mita 6 kutoka kitovu cha mzunguko kinavutwa nje kwa mita 9 hivi kwa sekunde kila sekunde, karibu sawa na uzito wake akiwa duniani. Kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto unapanda mara nne. Paneli pana na mkono mwembamba wa kukunjuliwa havikujengwa kubeba uzito wao, vilijengwa kuelea. JAXA ilihitimisha kwamba paneli zote mbili zilikatika kwenye mashina yake na mkono nao ukavunjika.

Wafuatiliaji wa anga wa Marekani waliweka mtengano kwenye saa 4:42 asubuhi, na mwanzoni walihesabu vipande 5. Saa 10:40 jioni kituo cha Uchinoura kilifungua antena kuisubiri Hitomi ipite, na hakikusikia kitu. Kwa siku kadhaa kulikuwa na matumaini, kwani ishara fupifupi zilizopokelewa zilidhaniwa ni zake. Ziligundulika kuwa na masafa tofauti na yake. Aprili 28 JAXA ilitangaza kuacha juhudi za kuiokoa.

Saa sita na nusu za nafasi

Kati ya kosa la alfajiri na kukatika kuna saa 6 na nusu. Ndani ya muda huo chombo kilipita juu ya vituo vya ng'ambo na kutuma data, lakini hakuna aliyekuwa amekaa mbele ya data hizo kwa ajili ya kuamua jambo pale pale. Setilaiti ya mzingo wa chini inaonekana na kituo kimoja kwa dakika kumi hivi kila ipitapo. Asiyejiandaa kutambua kitu kwa dakika hizo hatambui kitu. Na kugeuka kwenyewe kulipangwa kukamilika nje ya muda wa mawasiliano, kwa hiyo hakuna aliyeona kama chombo kilitulia baada ya kamera kurudi. Kwa chombo kichanga cha wiki tano, ambacho kamera zake bado zinarekebishwa, huo ulikuwa mwendo wa chombo kizee.

Ukituuliza ni kiungo kipi kimoja kingetosha kukata mnyororo huu kwa gharama ndogo kuliko vyote, tutasema kihisio cha jua. Si lazima kiamue mkao. Inatosha kiwe na swali moja: kompyuta inasema jua liko hapa, mimi naliona? Jibu likiwa hapana kwa dakika 10 mfululizo nje ya kivuli cha dunia, weka chombo katika hali ya usalama ya magurudumu. Saa 10:30 alfajiri magurudumu yalikuwa bado na nafasi tele, na jedwali bovu la thrasta lingeendelea kulala.

Kuhusu jedwali, utaratibu wa kuzuia kosa la namna hiyo unajulikana, na hata timu ndogo inaumudu. Faili inayojaribiwa kwenye simulesheni iwe ileile itakayopakiwa, si nakala iliyoandikwa upya. Mtu wa pili akokotoe matokeo kwa njia yake na si kwa kusoma namba za wa kwanza. Simulesheni ianze na chombo kinachozunguka tayari, kwa pande zote mbili za kila mhimili, na iangalie jambo moja tu: kasi inashuka au inapanda? Kosa la kusukuma kinyume linaonekana ndani ya sekunde za mwanzo za jaribio hilo.

Kwa setilaiti ndogo, za ukubwa wa 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka Kibo, moduli ya Kijapani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, Mei 11, 2018, kuna kipimo cha mezani cha kosa hilihili, na kinahitaji uzi tu. Ning'iniza chombo kwa uzi mwembamba usiojisokota, washa udhibiti wa mkao, kigeuze taratibu kwa mkono kuelekea kulia, kisha soma kasi ya gurudumu kwenye telemetria, yaani data ambazo chombo kinatuma. Gurudumu linapaswa kuongeza kasi kuelekea kulia hukohuko, ili mwili usukumwe kushoto. Rudia kushoto. Rudia kwa kila mhimili, ukibadilisha namna ya kukining'iniza. Kisha, na hapa ndipo wengi huchoka, rudia yote kila mtu anapogusa jedwali la vigezo, hata kama amegusa namba moja.

Kabla ya yote hayo kutokea, Hitomi ilikuwa imeshapata nafasi ya kukitazama kihisio chake kikifanya kazi. Kililengwa kwenye kundi la galaksi la Perseus, ambalo Uhuru nayo ililiona wakati wake, kikapima kwamba gesi moto katikati ya kundi hilo inavurugika kwa kilomita 164 kwa sekunde, utulivu ambao wengi hawakuutarajia. Matokeo yalichapishwa Julai 2016, chombo kikiwa kimeshakufa. Kihisio cha aina ileile kilirudi angani Septemba 7, 2023, ndani ya setilaiti iitwayo XRISM, kutoka Tanegashima kulekule. XRISM haina mkono wa kurefuka.